Mbao Kavu za Ufipa: Kusubiri, Kuhodhi na Bei ya Haki

  

Miongoni mwa masuala wanayouliza wafanyabiashara wa bara, na ambayo vitabu vyetu vya fiqhi havikuyataja kwa jina lake, ni hili la mtu mwenye ghala kubwa la mbao. Alizinunua mbichi, akazipanga, akazikausha mwaka au miaka miwili. Sasa mji unajenga, na mbao kavu hazipatikani kwa wingi ila kwake. Auze kwa bei gani? Na muda wote aliozikalia, je, alikuwa akifanya biashara au alikuwa katika ihtikar, yaani kuhodhi bidhaa kulikokatazwa na sharia? Tumechagua kulitazama suala hili kupitia mji wa Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, kwa sababu huko mbao si kitu cha kuokota njiani.

Uwanda wa Ufipa umeinuka baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na Sumbawanga iko kwenye kimo cha takriban mita 1,800. Sehemu kubwa ya uwanda huo ni nyasi. Wafipa walijifunza zamani kuishi na uhaba wa miti, na ushahidi uko mashambani mwao. Wabemba, walio kusini katika nchi ya Zambia, hukata matawi ya miti, huyakusanya na kuyachoma ili majivu yarutubishe udongo. Mfipa hufukia nyasi chini ya udongo katika matuta ya duara yaitwayo intumba, nyasi zikaoza humo zikawa mbolea. Na miti iliyokuwepo ilikuwa na mlaji mwingine, nao ni ufuaji wa chuma. Tanuri za Wafipa, malungu, zilifikia kiasi cha mita tatu kwenda juu, zikivuta hewa zenyewe bila mivukuto, na chakula chake kilikuwa makaa. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, chuma cha Ulaya kilipoenea.

Uislamu nao ulipanda Ufipa kutoka ziwani. Wafanyabiashara wa Ujiji na bandari ndogo za mwambao kama Kirando na Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, walikuwa na uhusiano na mbao kuliko watu wa juu, kwani chombo chao cha kazi kilikuwa mtumbwi, na mitumbwi mikubwa ya ziwa hilo ilichongwa kwa mivule ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi. Tangu hapo basi mbao nzuri katika upande huu wa nchi ni kitu kinachotoka ng'ambo.

Hali ni hiyo mpaka leo. Msitu wa Mbizi ulio juu ya mji wa Sumbawanga ni hifadhi. Mninga unatoka katika misitu ya miombo ya mabondeni na upande wa Mpanda, ambao tangu mwaka 2012 uko katika mkoa mpya wa Katavi. Mbao za msonobari, ambazo mafundi huziita paini, zinatoka mashamba ya miti ya nyanda za juu kusini, kama Sao Hill huko Mufindi, na hupitia Tunduma. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 220. Barabara hiyo ilikuwa ya udongo, na msimu wa mvua lori lililala njiani. Ilijengwa kwa lami kwa fedha za shirika la Marekani la MCC, chini ya mkataba uliosainiwa mwaka 2008. Tutairudia barabara hii, kwani ina fungu lake katika hukumu.

Kwanza tuieleze kazi ya kukausha, maana mwanachuoni asiyeijua atatoa fatwa ya haraka. Mbao iliyotoka kwenye msumeno imejaa maji. Ikipigiliwa hivyo hivyo kwenye paa au fremu ya mlango, hukauka ikiwa imekwishafungwa, ikajipinda, ikapasuka, na mlango uliofungwa vizuri masika ukaacha mwanya wa kidole wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mbao hupangwa juu ya magogo ili zisiguse ardhi na mchwa, chini ya paa, kila safu ikitenganishwa na nyingine kwa vijiti ili upepo upite. Ncha hupakwa rangi zisipasuke. Kanuni ya mafundi ni kwamba mbao ngumu huhitaji karibu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Katika muda huo baadhi hupinda na kutupwa, baadhi huliwa na wadudu, na fedha ya mwenye mali imelala. Huyu si sawa na mtu aliyefungia gunia la mtama akingoja njaa. Mtama hauzidi uzuri kwa kukaa, mbao huzidi. Kusubiri hapa ni sehemu ya kuifanya bidhaa iwe bidhaa.

Na hapa ndipo dhambi ya kwanza ya soko la mbao ilipo, nayo si ya bei. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita kwenye chungu ya nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kuwa mvua iliinyeshea. Mtume akamuuliza ni kwa nini asiuweke unyevu ule juu watu wauone, kisha akamtoa mwenye kughushi katika mwenendo wake. Ndugu msomaji, ondoa neno nafaka uweke neno mbao. Rundo lenye safu mbili za juu zilizokauka na mbichi chini yake ni kisa kile kile. Wanazuoni wa madhehebu zote nne wanampa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu kwa aibu iliyofichwa. Anayeuza mbichi kwa jina la kavu, hata kwa nusu ya bei ya soko, hajauza kwa haki.

Turudi kwenye kuhodhi. Hadithi iliyo msingi wa mlango huu ameipokea pia Imam Muslim, kutoka kwa Sa'id bin al-Musayyab, kutoka kwa Ma'mar bin Abdillah (r.a.), na maana yake ni kwamba hahodhi ila mwenye makosa. Lakini Sa'id, bingwa wa wanazuoni wa Madina aliyefariki karibu mwaka 94 H, aliambiwa usoni kwamba yeye mwenyewe anahodhi. Hakukana. Alijibu kuwa Ma'mar aliyemhadithia naye alikuwa akihodhi. Abu Dawud ametaja ni vitu gani Sa'id alikuwa akiviweka: kokwa za tende, mbegu, na khabat, yaani majani yaliyopigwa kutoka mitini kwa ajili ya kulishia ngamia. Wanazuoni walielewa kutoka kitendo hicho kwamba mpokezi wa hadithi anaijua zaidi maana yake, na kwamba kilichokatazwa ni chakula cha watu. Huo ndio mwelekeo wa madhehebu yetu ya Shafi'i. Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 H/1277), ambaye Minhaj yake imesomeshwa Lamu, Unguja na pwani yote, ameweka mipaka zaidi: iliyo haramu ni kununua chakula wakati wa ughali kwa ajili ya biashara, kisha kukizuia ili kizidi kupanda. Aliyekitoa shambani kwake, au aliyenunua wakati wa urahisi akaweka, hayumo.

Kwa herufi za madhehebu basi, mwenye mbao wa Sumbawanga yuko nje ya mlango huu mara mbili: bidhaa yake si chakula, na aliinunua mbichi wakati wa urahisi. Wako wanaoishia hapo wakafunga kitabu. Sisi hatuoni kuwa inatosha. Imam Malik katika al-Mudawwana amepokewa akisema kuwa kuhodhi kunakuwa katika kila kitu cha sokoni, akataja chakula, kitani, mafuta na sufi, na kila kinacholidhuru soko. Qadhi Abu Yusuf (aliyefariki 182 H/798), mwanafunzi wa Abu Hanifa, naye alikwenda njia hiyo: kila ambacho kukizuia kunawadhuru watu ni ihtikar. Wote wawili wameitazama dhara.

Tuitazame dhara hiyo huko Ufipa. Katika miaka ya 1970 na 1980 mkoa wa Rukwa ulihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya mahindi nchini. Mahindi yalijaa, kilichokosekana kilikuwa gari la kuyatoa na bati la kuezekea. Hali ya Hijazi iligeuka juu chini. Madina, chakula kilikuwa haba na majani ya mti yakawa mengi, kwa hiyo Sa'id hakumdhuru mtu kwa khabat yake. Ufipa chakula kimekuwa kingi na mti ukawa haba. Mtu akihodhi magunia mia Sumbawanga wakati wa mavuno, jirani ana ghala lake. Akikusanya mbao zote kavu za mji, mwenye nyumba iliyofika kwenye lenta hana pa kwenda, na mvua za Novemba hazimngojei. Kwa hiyo tunaona, na hii ni rai yetu, kwamba Mshafi'i wa Ufipa hatoki katika madhehebu yake akiichunga kauli ya Abu Yusuf kwa uchamungu, hata kama hatuiti kosa la mwenye mbao kwa jina la ihtikar mbele ya qadhi. Mpaka wake ni huu: kungoja mbao zikauke si kuhodhi, kununua mbao za wengine zilizokauka ili zisibaki ila zako, na kufunga mlango wa ghala huku watu wakibisha hodi na fedha mkononi, hiyo ndiyo dhara aliyoisema Malik.

Na kwenda kuyapokea malori njiani, Laela au Tunduma, kabla dereva hajajua bei ya Sumbawanga, kuna hadithi yake peke yake. Mtume (S.A.W.) amekataza kuipokea misafara kabla haijafika sokoni, na mwenye mali akifika sokoni akakuta amepunjwa ana khiyari.

Jambo la mbao kuuzwa na mtu asiye na njia nyingine lina mfano mkubwa katika sira, nao unasahauliwa. Miaka mitano kabla ya utume, Maquraysh walipotaka kuijenga upya Al-Ka'aba, Makka haikuwa na mbao za paa. Bahari ikaitupa merikebu ya Warumi pwani ya Jidda, ikavunjika. Ibn Sa'd katika Tabaqat anaeleza kuwa al-Walid bin al-Mughira alitoka na kundi la Maquraysh wakaenda kwenye chombo hicho, wakazinunua mbao zake, na wakazungumza na Baqum Mrumi aje pamoja nao. Tuzingatie neno wakazinunua. Chombo kimevunjika, wenyewe ni wageni, mbao ziko mchangani, na wanunuzi ni mabwana wa nchi walio bado katika ushirikina. Hata hivyo walilipa. Ndio hao hao waliosharutishana kwamba katika ujenzi ule isiingie fedha ya riba, ya uzinzi wala ya dhuluma, mpaka fedha halali ikawapungukia na wakaiacha nje sehemu ya Hijr. Baadaye, Sayyidna Uthman (r.a.) alipoujenga upya Msikiti wa Mtume mwaka 29 H, aliezeka kwa saj, mti wa India. Na al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 4 H, ameandika kuwa nyumba za Siraf katika Ghuba ya Uajemi zilijengwa kwa saj na kwa mbao zilizoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani mwambao wetu. Kwa zaidi ya miaka elfu moja sisi tulikuwa wauzaji, na Ghuba isiyo na miti ikawa kwetu kama Ufipa ilivyo kwa Mufindi.

Sasa bei yenyewe. Watu wengi hudhani bei ya haki ni bei ndogo. Sharia haikuweka kiwango cha faida. Urwa al-Bariqi (r.a.) alipewa na Mtume dinari moja anunue mbuzi, akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yake. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake, kama alivyopokea Bukhari. Faida hiyo ni mia kwa mia. Na bei zilipopanda Madina, watu wakamtaka Mtume awapangie, alikataa, akaeleza kuwa Allah ndiye mwenye kupanga bei, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake bila ya mtu kumdai dhuluma ya damu wala mali. Bei ya haki ni ile ambayo vitaabu vinaiita thamani ya mfano: kile ambacho kitu kama hicho kinauzwa mahali hapo na wakati huo, soko likiwa wazi. Ndipo inapoingia ile barabara ya Tunduma. Aliyeleta mbao zake wakati wa tope kwa nauli kubwa, akaziuza baada ya lami, hawezi kumdai mnunuzi nauli ya zamani kwa hoja kuwa ndiyo mtaji wake. Kinyume chake vile vile: aliyenunua rahisi hakulazimika kuuza chini ya bei ya leo. Thamani ya mfano haiulizi ulinunua lini.

Nchi yetu imelijaribu jambo la kupanga bei. Kwa sheria ya mwaka 1973 iliundwa Tume ya Bei ya Taifa, ikapanga bei za bidhaa nyingi nchini. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka kilichofuata: bei ipo ukutani, bidhaa haipo kabatini, na saruji na bati vikauzwa usiku kwa bei ya mlango wa nyuma. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, ikaja sheria na kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na neno mlanguzi likawa tusi la mitaani. Bajeti ya mwaka 1984 ilipolegeza uingizaji wa bidhaa, maduka yakaanza kupumua. Sisi hatusemi walanguzi hawakuwepo, walikuwepo. Tunasema kwamba Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 H/1328) alikwishatenganisha mambo mawili katika risala yake ya Hisba. Bei ikipanda kwa uchache wa kitu au wingi wa watu, kuwalazimisha wenye mali kuuza kwa bei maalumu ni dhuluma. Lakini wenye mali wakizuia kuuza na watu wana dharura, hulazimishwa kuuza kwa thamani ya mfano, na huko ndiko kupanga bei kwa uadilifu. Katika miaka ile mawili haya yalichanganywa, mwenye kreti tatu akapigwa fimbo moja na mwenye ghala tatu.

Kuna upande mwingine ambao wachache wanaufikiria. Mwenye ghala kubwa akitaka kuwapendeza watu anaweza kuuza chini sana, na wauzaji wadogo wa mbao pembezoni mwa soko wakafunga. Katika Muwatta, Sayyidna Umar (r.a.) alimpita Hatib bin Abi Balta'a akiuza zabibu kavu sokoni kwa bei ya chini, akamwamuru apandishe bei au atoke sokoni. Wanazuoni wa Kimaliki wakajenga hukumu juu yake. Ila Imam Shafi'i amepokea mwisho wa kisa: Umar alijihesabu, akamwendea Hatib nyumbani kwake, akamweleza kuwa aliyoyasema hayakuwa hukumu bali aliwatakia heri watu wa mji, basi auze atakapo na atakavyo. Kwetu sisi basi ni ruhusa kushusha bei, isipokuwa anayeshusha leo ili awaue wenzake na apandishe kesho, huyo nia yake inamrudisha kwenye dhara.

Juu ya uadilifu kuna ihsani, na al-Ghazali (aliyefariki 505 H/1111) ametaja katika Ihya kisa ambacho mwenye ghala atakitambua. Sari as-Saqati wa Baghdad alinunua shehena ya lozi kwa dinari 60, akaandika daftarini faida yake dinari 3. Lozi zikapanda hadi 90. Dalali, naye mtu mwema, akaja kuzinunua. Sari akasema 63, kwani amefunga ahadi na Allah. Dalali akasema bei ni 90, naye amefunga ahadi asimpunje Mwislamu. Hawakuuziana. Wanafunzi hucheka wakifika hapo, na kwa kweli biashara haikufanyika. Lakini kila mmoja alikuwa akigombea haki ya mwenzake. Hilo si wajibu kwa mwenye mbao. Wajibu wake ni 90 ya soko bila hila.

Yote haya yanasimama iwapo mbao ni zake. Wapasuaji wengine huleta hoja kuwa mti wa porini ni wa Mungu, nao watu wameshirikishwa katika maji, malisho na moto kama ilivyo katika hadithi ya Abu Dawud. Hoja hii ina asili, lakini mtawala ana haki ya kuihifadhi ardhi kwa maslahi ya wote. Mtume aliihifadhi Naqi', na Umar akaihifadhi Sharaf na Rabadha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka leseni, ushuru na hati ya kusafirishia, na tangu mwaka 2010 kuna Wakala wa Huduma za Misitu. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 juu ya misitu ya kusini mashariki ilikadiria kuwa hadi asilimia 96 ya mapato ya mbao yaliyopasa kukusanywa yalipotea. Hiyo ni mali ya umma. Mwenye ghala anayejua kuwa mninga wake umepita vichochoroni usiku hana swali la bei; ana swali la deni.

Lililobaki ni zaka, na wengi huiacha kwa kudhani mbao zilizolala hazina zaka mpaka ziuzwe. Madhehebu ya Malik yanatofautisha baina ya mfanyabiashara anayezungusha mali, ambaye hukadiria kila mwaka, na anayengoja soko, ambaye hutoa zaka ya mwaka mmoja tu atakapouza. Ajabu ni kwamba huyu wa pili vitabu vyao humwita muhtakir, bila kumtuhumu dhambi. Sisi Mashafi'i tunamtaka kila mwisho wa mwaka wa Hijra wa biashara yake azikadirie mbao zote kwa bei ya siku hiyo, zilizo mbichi kama mbichi na zilizokauka kama kavu, na atoe robo ya kumi: ghala la shilingi milioni 40 zaka yake ni milioni moja. Na hiyo milioni huitoa kwa fedha, na huwapa wale wa makundi manane. Boriti na mbao anazopeleka kuezekea msikiti wa mtaani, hata zikiwa za mninga safi uliokaa miaka miwili, ni sadaka yenye malipo yake kwa Allah, wala hazipunguzi shilingi katika zaka yake.